Maeneo Mengine Yote

Picha ilikuwa imepita simu nyingi kabla ya kumfikia. Maandishi yamefifia, pembe moja imekatika, na upande wa chini kuna kidole gumba cha mtu aliyeipiga. Lilikuwa jedwali la Agizo la Mishahara, lile la nyongeza ya asilimia 6 iliyotangazwa Mei Mosi 2024 na kuanza kutumika Novemba mwaka huo. Dada anayefanya kazi kwangu alinikuta jikoni jioni moja ya Agosti 2025, mtoto wangu yuko mgongoni mwake, akaninyooshea simu.

"Mwalimu, hebu nisomee hii. Ni Kizungu tupu."

Mimi ni mwalimu wa Kiswahili na fasihi katika shule ya upili. Kusoma na kufafanua ndiyo kazi inayonilisha. Nikaikuza picha kwa vidole viwili, nikaanza kumfafanulia kuanzia juu, na sauti yangu ile ya darasani. Nilipofika mstari wa kwanza kabisa nikanyamaza. Mstari huo ulimhusu yeye. Safu ya katikati ilinihusu mimi, kwa sababu naishi Ruiru na Ruiru imetajwa kwa jina. Pale mstari na safu vilipokutana palikuwa na tarakimu inayokaribia 14,870. Mimi nilikuwa namlipa 9,000.

"Inasemaje?" akauliza.

Nikamwambia picha haisomeki vizuri, kesho nitatafuta nakala nzima.

Usiku ule sikulala mapema. Nililitafuta Agizo kwenye simu, nikalipata, nikalisoma mara tatu. Mara ya kwanza nilisoma kama mshtakiwa, natafuta mwanya. Mara ya tatu nilijikuta nasoma kama ninavyowataka wanafunzi wangu wasome: nani amepewa jina, nani hana, mwandishi amesimama wapi. Na wacha niseme wazi, sioni kwa nini maandishi haya yasihakikiwe kama maandishi mengine. Ni mafupi, yamejaa watu, na yanaamua maisha ya wasomaji wake kuliko riwaya yoyote niliyowahi kufundisha.

Tuanze na mstari wenyewe. Umebanana kama matatu ya saa kumi na mbili jioni: kibarua wa kawaida, msafishaji, mfagiaji, mtunza bustani, yaya, mtumishi wa nyumbani, mlinzi wa mchana, tarishi. Wote bei moja. Kutoka hapo ngazi zinapanda, mkata mawe, mpishi, mhudumu wa mezani, turnboi, karani, mpokea simu, fundi cherehani, hadi juu kabisa unakomkuta keshia, dereva wa lori kubwa na fundi wa gredi ya kwanza. Nilitafuta katika ngazi hizo kanuni moja inayoeleza kwa nini huyu yuko juu ya yule. Mara ni cheti, mara ni ukubwa wa gari, mara ni thamani ya kitu ambacho mtu ameaminiwa. Keshia anashika pesa, basi yuko juu. Yaya anashika mtoto.

Lakini kilichonikwamisha hasa ni mlinzi. Agizo lina walinzi wawili. Wa mchana yuko kwenye ule mstari wa chini pamoja na mfagiaji na tarishi. Wa usiku ana mstari wake peke yake na analipwa zaidi. Ni jambo la haki, kwa maana giza lina hatari na kukesha kuna gharama, na mtu aliyeandika hivyo alijua. Sasa angalia: yaya anayelala kwenye nyumba ya mwajiri, anayeamka saa nane usiku mtoto akilia, anayechemsha maji saa kumi alfajiri ili mwalimu awahi gari la shule, huyo hana wa mchana wala wa usiku. Giza limehesabiwa getini, halikuhesabiwa ndani ya nyumba. Kwangu mimi hapo ndipo Agizo linajieleza kuliko mahali pengine popote, na hakuna aliyekusudia. Aliyeliandika alikuwa na mwajiri wa soja akilini, amesimama nje.

Halafu kuna safu. Ziko tatu. Ya kwanza ni Nairobi, Mombasa, Kisumu na Nakuru. Ya pili ni zilizokuwa manispaa zamani, pamoja na mabaraza ya miji ya Mavoko, Ruiru na Limuru. Ya tatu haina jina la mahali hata moja. Imeandikwa tu: maeneo mengine yote. Mwanafunzi wangu akiniandikia hivyo kwenye insha namwekea alama nyekundu pembeni, "Wapi?" Humo ndimo Turkana na Kwale vijijini, humo ndimo kwao dada, upande wa Kitui. Kwa Agizo hilo, mfanyakazi wa mstari ule wa kwanza alistahili 16,113.75 akiwa safu ya kwanza, na takriban 8,600 akiwa ya tatu. Ni zaidi ya nusu kwa kidogo tu. Tena wa shambani wana jedwali lao wenyewe, na huko asiye na ujuzi hakufika hata 8,000.

Kimantiki, sababu ya safu ni gharama ya maisha. Kodi ya nyumba Nairobi si kodi ya Mutomo. Sawa. Lakini dukani Mutomo unga umesafirishwa, sabuni imesafirishwa, na karo ya sekondari haijali uko safu gani. Na mpaka wa safu unapita mahali pa ajabu. Kahawa West ni Nairobi. Kahawa Wendani, mwendo mfupi wa pikipiki, ni Kiambu. Yaya mmoja anaweza kufanya kazi upande huu mwezi huu, upande ule mwezi ujao, watoto ni watoto, nepi ni nepi, na bei yake ya chini kisheria inashuka kwa zaidi ya shilingi elfu moja kwa sababu amevuka mstari asioweza kuuona.

Mimi nilikuwa nimefanya jambo baya zaidi ya hilo. Ile 9,000 sikuiokota hewani. Ukiangalia vizuri, iko juu kidogo ya safu ya tatu. Nilikuwa nimemlipa dada kana kwamba jikoni pangu, na jiko la gesi na friji na dirisha linalotazama barabara ya Thika, pako maeneo mengine yote. Alipokuja kazini Januari alishuka basi akiwa na begi moja, na mimi nikaiona Kitui begani mwake. Nikamlipa kulingana na alikotoka. Alikofika sikukuhesabu.

Nani aliniambia 9,000? Hakuna mwajiri wa nyumbani anayefungua Gazeti Rasmi la Serikali. Tunaulizana. Kwenye mtaa wetu kuna kundi la WhatsApp la wamama, na huko ndiko mishahara inakopangwa. Nilipouliza siku zile, nilijibiwa ndani ya dakika mbili. Mmoja akasema 8,000 inatosha, "anakula hapo, analala hapo." Mwingine: "Usianze na kubwa, atakuzoea." Wa tatu, mtu mpole sana, ananiletea mboga kutoka shamba lao: "Mwalimu ukimlipa 12 utatuharibia soko." Nilicheka, nikaweka emoji. Nikaona 9,000 ni ukarimu.

Maneno hayo matatu yanastahili kuangaliwa polepole kuliko nilivyoyaangalia wakati ule. La kwanza ni hesabu, na ni hesabu mbovu, kwa sababu viwango vya Agizo havijumlishi nyumba. Makao ni juu yake, ama umpe mahali pa kulala ama umwongezee marupurupu ya nyumba. Kitanda nilichompa hakikuwa punguzo. La pili ni saikolojia, mfanyakazi ni mnyama wa kufugwa kwa tahadhari. La tatu ndilo la uchumi hasa. Tunazungumza juu ya soko la wafanyakazi kana kwamba ni mvua, inanyesha tu. Lakini nimeliona kwa macho likitengenezwa, saa mbili usiku, na wanawake kumi na tisa walioshika simu, wengi wao wasomi, wote wakikubaliana bei. Wafanyakazi kumi na tisa wakikutana kukubaliana bei tungeuita mkutano, na pengine mmoja wetu angemwita chifu.

Na lugha yetu hapo! Hakuna anayesema "nimeajiri." Tunasema "nimepata msichana," "nakaa na dada," "kuna auntie ananisaidia." Kitenzi ajiri kina madeni ndani yake: ukiajiri, wewe ni mwajiri, kuna ajira, kuna ujira, kuna mkataba. Ukisaidiwa, unachodaiwa ni shukrani. Undugu wote huo wa kimaneno una kazi moja, kumtoa mtu kwenye jedwali. Najua kuna nyumba ambamo dada ni dada kweli. Lakini dada yangu wa kuzaliwa sijawahi kumkata mia tano kwa sababu ya sahani.

Neno kibarua nalo lina historia ya kuumiza. Ni barua ndogo, karatasi ndogo. Unguja na Mombasa za karne ya 19, watumwa waliokodishwa kufanya kazi za kutwa ndio walioitwa vibarua, kwa sababu ya kikaratasi cha kuthibitisha siku iliyofanywa kazi, na sehemu ya malipo ilikwenda kwa bwana. Utumwa ukaisha, neno likabaki, na leo mtu akipoteza kazi ya mshahara mnono ofisini bado tunasema kibarua chake kimeota nyasi. Tunasema kwa kicheko.

Kabla ya kufika kwenye vitabu, jambo moja zaidi la historia, maana bila hilo zile safu hazieleweki. Katika Kenya ya mkoloni, mshahara wa chini wa Mwafrika mjini ulipimwa kwa mahitaji ya mwanamume mmoja asiye na mke. Si kwamba wanaume hao hawakuwa na wake na watoto. Walikuwa nao, lakini serikali ilichukulia kwamba familia iko kwao, inajilisha kwa jembe la mama. Shamba la nyumbani lilikuwa linamlipia mwajiri sehemu ya mshahara. Wafanyakazi wa Mombasa walilikataa kwa miguu yao, mgomo mkubwa wa Januari 1947 ulizima mji, na hatimaye kamati ya Carpenter, mwaka 1954, ikakubali rasmi kwamba kipimo cha kapera hakifai na kwamba mshahara ulenge kutosha familia, hatua kwa hatua kwa miaka kadhaa. Ukiniuliza mimi, kapera yule hakufa. Alihamia safu ya tatu. Bado kuna mtu mahali fulani anayedhani kwamba mfanyakazi wa mashambani ana mahindi yake, ana kuku wake, ana mama yake. Na wamama wa kundi letu wanadhani hivyo hivyo kumhusu dada: kwao elfu nane ni pesa nyingi.

Sasa vitabu. Kama kuna fasihi ambayo ingepaswa kunizuia nisiandike ile emoji, ni ya Kiswahili. Nimelelewa nayo. Kuli ya Adam Shafi, iliyotoka 1979, inakupeleka bandarini Unguja hadi kwenye mgomo wa 1948, na ninachokipenda kwa Rashidi ni kwamba hazaliwi shujaa. Analielewa jambo kidogo kidogo, mwili ukitangulia akili. Kilio cha Haki cha Alamin Mazrui, cha 1981, nimekisoma na kukisoma tena. Lanina anaongoza wafanyakazi wa shamba la mlowezi, na wakati huo huo ana vita vya pili na wanaume wa kwake, wanaoona mwanamke hana mahali pa kuongoza. Tamthilia chache zimeona mapema hivyo kwamba ubepari na ubabedume hulala kitanda kimoja.

Lakini nikizisoma leo, nina lalamiko. Mwajiri katika fasihi hii ana sura moja: anamiliki shamba, meli, kiwanda. Ana mnyapara. Ukimwona unamjua, na ukimjua unajua wewe si yeye. Ndiyo maana nimeweza kufundisha unyonyaji kwa miaka yote hiyo bila jasho. Nasimama mbele ya darasa, nauliza "Fafanua dhuluma anazopitia mfanyakazi," wanaandika hoja kumi, nasahihisha, na nyumbani kuna mtu anafua sare ya mwanangu kwa 9,000. Hata katika Kilio cha Haki, jinsi ninavyokisoma mimi, nyumba ni mahali ambapo mwanamke anafungiwa au anapotoroka ili aende kwenye mapambano ya kweli. Ni nadra sana kuwa mahali pa kazi yenyewe. Nani alipika siku Lanina alipokuwa mkutanoni? Swali hili si la kumkosoa Mazrui, aliyelipa kwa kifungo gharama ya msimamo wake. Ni la kuuliza kwa nini sisi tuliomfuata tuliishia getini kama lile Agizo.

Wenye kuingia ndani ya nyumba wapo, na mmoja ni marehemu Ken Walibora. Katika Kidagaa Kimemwozea, Amani anachunga ng'ombe wa Mtemi Nasaba Bora, na Imani analea watoto kwa Mwalimu Majisifu. Majisifu ni mwalimu na mwandishi anayesifiwa, na kitabu kilichompa sifa amekiiba kwa Amani. Nilipokuwa naifundisha riwaya hii nilimcheka Majisifu pamoja na wanafunzi. Sasa namwona kama mhusika aliyeandikwa kwa kalamu kali kuliko wote, mtu wa vitabu ambaye heshima yake yote imesimama juu ya kazi ya mtu asiyemlipa. Hapo Walibora alitutazama machoni.

Hata hivyo riwaya inatuachia njia ya kupumua. Amani si mchungaji tu. Ni msomi aliyekatiziwa njia, na hadithi inamrudishia hadhi yake kwa kutufunulia hivyo. Tunashangilia kwa sababu kumbe mchungaji alikuwa mtu wa maana! Na je, angekuwa mchungaji tu? Asiyeandika, asiye na miswada, anayejua ng'ombe na basi? Riwaya haina bei ya huyo. Nimeuona mtindo huu katika hadithi nyingi tulizofundisha: mfanyakazi wa hali ya chini anathaminiwa siku inapogunduliwa kwamba hakustahili kuwa chini. Maana yake ni kwamba wapo wanaostahili. Hiyo ndiyo imani ya jedwali, imevaa nguo za ushujaa. Nami nilikuwa nayo. Mara ngapi nimewaambia wageni, "Huyu dada ni mwerevu sana, angesoma angefika mbali," nikidhani namsifu.

Maandishi yaliyonisaidia zaidi ni ya hesabu. Kule Kamirithu, Limuru, mwaka 1977, wakati Ngũgĩ wa Thiong'o na Ngũgĩ wa Mirii walipoandaa na wanakijiji ile tamthilia tunayoijua kwa Kiswahili kama Nitaolewa Nikipenda, wafanyakazi hawakukaa kusubiri kuandikiwa. Walisahihisha. Ngũgĩ anasimulia baadaye jinsi wafanyakazi wa kiwanda cha viatu walivyoeleza unyonyaji kwa tarakimu: bidhaa za siku moja zilitosha kulipa mishahara ya kiwanda kizima kwa mwezi, kwa hiyo siku zilizobaki zilikuwa za mtu mwingine. Serikali iliifuta leseni ya mchezo Novemba hiyo, na Ngũgĩ alikuwa kizuizini kabla mwaka mpya kuanza. Mimi nadhani nyimbo zingevumilika. Mtu anayejua kugawanya kwa 30 ndiye anayetisha. (Na Limuru, kama ulivyoona, iko kwenye safu ya pili kwa jina.)

Nikajaribu hesabu hiyo nyumbani kwangu. Ni ngumu, kwa sababu yaya hatengenezi viatu. Nilikaa na kalamu nikijiuliza, anazalisha nini? Nikagundua anazalisha saa zangu. Natoka saa kumi na moja na nusu asubuhi, narudi saa kumi na mbili jioni. Saa hizo zote ni zake kwanza, kabla hazijawa zangu, na kabla hazijawa mshahara. Asipokuja, sitoki. Katika siku 22 za kazi, ile 9,000 naipata kwa siku zisizofika nne. Kiwango cha kisheria ni siku sita. Siku zingine zote, hata baada ya kutoa kodi na mkopo, zilikuwa zangu kwa sababu yeye alikuwa ndani na mtoto.

Najua jibu litakalokuja, na halitoki kwa watu wabaya. Jirani yangu anauza kwenye duka la nguo mjini, analipwa 18,000, ana watoto wawili na hana mume. Akimlipa yaya 14,870 atabaki na nauli. Asipokuwa na yaya hana kazi. Anamlipa 6,000, binti wa kwao, na wote wawili wanajua. Sheria ikimshukia huyo kesho, binti atarudi Kitui na mama atarudi nyumbani, na wote watabadilishwa na mama fua wa Jumamosi. Sina jibu la jirani yangu. Ninachojua ni kwamba nilijificha nyuma yake. Kila tulipozungumzia mishahara kwenye kundi, sote wenye uwezo tulimsukuma yeye mbele, tukasema "wengine hawana," ilhali tulikuwa nacho.

Tena mimi sina pa kujitetea, kwa sababu mshahara wangu haukupangwa hivyo. Uko kwenye jedwali, uliojadiliwa na vyama. Mwaka 2015 walimu tuligoma takriban wiki tano. Nilikuwa barabarani na tawi la mti mkononi, nimevaa raba, naimba haki yetu mpaka sauti ikakauka. Septemba ile mishahara haikuja. Wakati huo nilikuwa na mtoto wangu wa kwanza na dada mwingine, kabla ya huyu. Yeye ndiye aliyebaki na mtoto nilipokuwa naandamana. Mwisho wa mwezi nilimwambia avumilie, sote tunateseka, serikali imekataa kutulipa. Alisema sawa. Tuliporudi kazini nilimlipa, nadhani nilimlipa yote. Sikumbuki, na kutokumbuka kwangu kunanisumbua kuliko vile ningekumbuka kwamba sikumlipa. Yeye anakumbuka, popote alipo.

Asubuhi iliyofuata ile picha nilipita saiba, nikachapisha Agizo, na jioni nikakaa mezani kumtafsiria kwa maandishi, kwa mkono, ili asome mwenyewe. Kuhusu tarakimu hapakuwa na ugumu. Ugumu ulikuwa nomino. Kwenye lile neno la kikoloni lililobaki ndani ya Agizo, mtumishi wa nyumbani, kalamu ilikataa. Nikaandika "msaidizi wa nyumbani." Nilidhani nampa heshima.

Alisoma polepole, kidole kikifuata mstari. Akasimama hapo.

"Mwalimu, hii ndiyo wameandika ama ni wewe?"

Nikakiri ni mimi.

"Si uweke vile iko. Msaidizi anaweza kwenda nyumbani akichoka."

Nikafuta. Tukajadiliana kidogo, tukaweka "mfanyakazi wa nyumbani," ingawa Agizo halisemi hivyo. Kisha akaenda kwenye safu. Aliitafuta Ruiru, akaipata, akaitazama tarakimu kwa muda. Sikujua atasema nini. Nilikuwa nimejiandaa kumwambia kwamba kuanzia mwezi huo ningemlipa kiwango, na nilikuwa nimeipanga sentensi yenyewe vizuri, ikiwa na utu ndani yake. Nikaitoa.

"Sawa," akasema. "Na ile ya Januari mpaka Julai?"

Hiyo sikuwa nimeipanga. Miezi saba, tofauti ya karibu 5,870 kila mwezi. Nilichukua simu nikapiga hesabu mbele yake, ikatoka elfu 41 na kitu. Nikamwambia sina pesa hizo kwa mara moja. Akasema hajasema mara moja. Tukakubaliana awamu nane, pamoja na mshahara, kwa M-Pesa. Akanipa ile karatasi ya tafsiri, akaigeuza upande usioandikwa.

"Andika hapo," akasema. "Andika na tarehe."